Mteja wa Siri na Meza ya Sikukuu ya Shukrani: Fedha Inayofika Baada ya Wageni Kuondoka

Ifikapo Oktoba, familia nyingi nchini Marekani huanza kupiga hesabu ya meza ya Sikukuu ya Shukrani, inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba, huku zikijua kwamba mwezi mmoja tu baadaye Krismasi nayo itabisha hodi. Miongoni mwa ushauri unaotolewa msimu huo kwa wanaotaka kupunguza makali ya bei, upo ule wa kuwa mteja wa siri, yaani mtu anayeingia dukani kama mnunuzi wa kawaida, akanunua kitu, akaangalia namna anavyohudumiwa, kisha akaiandikia ripoti kampuni iliyomtuma, naye hulipwa ujira na kurudishiwa sehemu ya fedha aliyotumia. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: ikiwa dukani ni lazima uende, kwa nini usilipwe kwa kwenda? Naona hoja hiyo ina ukweli, ila ukweli wake ni mdogo kuliko unavyotangazwa, tena hutolewa katika mwezi ambao haumfai anayeusikia.

Mzigo wenyewe tunaujua kwa kiasi fulani. Shirikisho la wakulima la American Farm Bureau Federation limekuwa likikokotoa tangu 1986 gharama ya mlo wa siku hiyo kwa watu 10, ukiwa na bata mzinga wa ratili 16, viazi vitamu, njegere, kranberi na pai ya maboga. Mwaka 2019 mlo huo uligharimu dola 48.91, mwaka 2022 ukapanda hadi dola 64.05, na mwaka 2024 ukashuka hadi dola 58.08, bado ukiwa juu ya ulikotoka. (Bei hizo, kwa mzaha wa mambo, hukusanywa na watu wa kujitolea wanaozunguka madukani na kuandika bei bila malipo.) Familia iliyotoka Afrika Mashariki, inayoalika ndugu na majirani na kupika pilau na nyama ya mbuzi kando ya bata mzinga, itauona mlo huo wa watu 10 kuwa ni mfano wa kwenye karatasi tu, hata hivyo unatupa kipimo: tunatafuta dola 60, labda 150 kwa nyumba yenye wageni wengi.

Je, zinapatikana? Tuchukue mfano wa kubuni, usio mbali na kazi zinazotolewa. Kampuni inalipa dola 12 kwa ukaguzi wa duka la vyakula na kurudisha hadi dola 5 za manunuzi. Duka liko maili 8 kutoka nyumbani, mwendo wa dakika 20 kwenda na 20 kurudi. Ndani unatakiwa kupita kaunta ya nyama, kaunta ya mikate na foleni ya malipo, ukihesabu kimoyomoyo sekunde ulizosubiri kabla ya kusalimiwa na kukariri majina yaliyo kwenye beji za wahudumu. Hiyo ni nusu saa. Ripoti inatakiwa kufika ndani ya siku moja, na kuiandika vizuri kunachukua dakika 50, achilia mbali anayeandika kwa Kiingereza kilicho lugha yake ya tatu. Jumla ni saa mbili. Ukitoa dola 2 hivi za petroli, unabaki na dola 15, yaani dola 7.50 kwa saa, senti 25 juu ya kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani, ambacho ni dola 7.25 tangu 2009. Ukihesabu na uchakavu wa gari kwa kiwango cha mamlaka ya kodi ya Marekani, kilichokuwa senti 70 kwa maili mwaka 2025, maili zile 16 zinakula dola 11.20, na saa zako mbili zinabaki na dola 5.80.

Lakini chukua kazi ileile, duka likiwa njiani unapotoka kazini na petroli ile ungeichoma hata hivyo. Sasa dola 17 zinagawanywa kwa dakika 80, na saa moja inakuwa na dola 12.75. Kazi ni ileile na malipo ni yaleyale, ila umbali umegeuza hukumu. Hapo ndipo watetezi wa jambo hili wanapokuwa na haki, na nadhani wangesikilizwa zaidi kama wangeanza na ramani badala ya kuanza na kiasi cha ujira.

Zile dola 5 za marejesho nazo zina sharti lake. Kwa kawaida kampuni ndiyo huamua ununue nini au upite kaunta ipi, na kinachozidi kikomo kinatoka mfukoni mwako. Ukielekezwa kaunta ya mikate wakati unahitaji pai, umepata pai kwa bei nafuu sana. Ukielekezwa kwenye vyakula vilivyokwisha kupikwa wakati jokofu lako limejaa, umerudishiwa fedha ya kitu ambacho usingekinunua.

Hata hivyo, kasoro kubwa iko kwenye kalenda. Mteja wa siri hutanguliza fedha yake, hutunza risiti, hupeleka ripoti, hungoja mhariri wa kampuni aikubali, kisha hungoja malipo ambayo mara nyingi huja baada ya siku 30 hadi 60. Anayefanya kazi hizi wiki mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani hapunguzi gharama ya sikukuu hiyo hata kwa senti moja. Ameiongeza, kwa sababu mwezi wenye matumizi makubwa umebebeshwa manunuzi mengine yatakayorudishwa Desemba au Januari. Akiwa ametumia kadi ya mkopo na akashindwa kulimaliza deni kwa wakati, riba itachota kwenye ujira huo kabla haujafika. Na hapa kuna mtego wa kuvutia: kampuni huongeza malipo ya kazi zilizokosa mtu kadiri mwisho wa mwezi unavyokaribia, na sikukuu yenyewe huangukia kati ya tarehe 22 na 28, kwa hiyo ujira mnono huonekana katika siku zilezile ambazo hauwezi tena kununua bata mzinga wa mwaka huo.

Kodi nayo ipo, ingawa si ya kutisha. Mteja wa siri huhesabiwa kuwa mtu aliyejiajiri, na akipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka kutokana na kujiajiri, lazima aitangaze na kulipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 juu ya ile ya kawaida. Maili zilizotuharibia hesabu hapo juu humpunguzia kodi, mradi amezirekodi.

Hatari ya utapeli ni nzito kuliko yote hayo. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani imekuwa ikionya mara kwa mara kuhusu barua zinazokuja na hundi ya dola elfu moja au mbili, pamoja na maagizo ya kuiweka benki, kubaki na ujira wako, na kutumia iliyobaki kununua kadi za zawadi na kutuma namba zake, kwa kisingizio cha kukagua duka. Mtego unafanya kazi kwa sababu sheria huitaka benki ikuruhusu kutumia fedha ya hundi ndani ya siku chache, ilhali kugundulika kwamba hundi ni bandia kunaweza kuchukua wiki. Siku hiyo ikifika, deni ni lako. Kampuni ya kweli haimtumii mtu hundi kabla ya kazi, wala haimtozi ada ya kujiandikisha. Chama cha kampuni hizi, MSPA Americas, hutoa orodha ya wanachama wake bure. Ninapopima faida ya dola 5 au 15 dhidi ya hasara ya dola 2,000, ninashangaa kuona ushauri huu ukitolewa kwa watu waliobanwa bila onyo hilo kutangulia.

Kisha yuko mtu wa upande wa pili wa kaunta. Ukaguzi huu ulianza kushika kasi Marekani katika miaka ya 1940, nia ikiwa kuwanasa wafanyakazi wenye mikono mirefu, na harufu ya asili hiyo haijatoka yote. Wiki ya sikukuu keshia anahudumia foleni inayofika kwenye rafu za maziwa. Asipotabasamu saa kumi na moja jioni, jina lake linaingia kwenye ripoti ya mtu anayetafuta dola 12. Upande wa ukaguzi una jibu lake: ripoti ya haki humlinda mhudumu mwema, na humwonyesha meneja kwamba tatizo ni kufungua vituo viwili vya malipo kati ya vinane, wala si uvivu wa mtu. Ninalikubali jibu hilo kwa sharti moja, kwamba ripoti iandikwe na mtu mwenye muda wa kuona. Kwenye fomu nyingi jibu la “hapana” hudai maelezo marefu kuliko “ndiyo”, na anayekimbilia duka la tatu kwa siku ana sababu ya kutia “ndiyo” asiyoiona, au kuandika “hapana” bila kutaja foleni iliyoisababisha.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, jibu linategemea pia hati. Mkongomani aliyepokelewa kama mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi tangu anapowasili, na anaweza kuifanya kazi hii kihalali. Mwanafunzi Mtanzania au Mkenya mwenye viza ya masomo ya F-1 kwa kawaida hana ruhusa ya kujiajiri, na ujira wa dola 12 unaweza kumharibia hadhi ya masomo aliyolipiwa na ukoo mzima. Yeye aachane nayo kabisa. Aliye na ruhusa, na njia yake ya kila siku inapita madukani, aanze Septemba, achague kazi tatu au nne zenye bidhaa anayoihitaji, na atunze risiti zake, ili fedha iwe imekwisha kuingia benki kabla bata mzinga hawajajazwa kwenye majokofu ya duka.