Bustani ya mvua: si kila kiwanja cha Mbeya kinaifaa

Mvua ya nusu saa tu ikipiga bati la ofisi yetu ya mtaa, maji hushuka kona ya nyuma kwa kishindo, yakakata njia, yakaingia kwenye genge la mama muuza nyanya huko chini. Tulijenga mtaro wa saruji. Ofisi ikapona, genge likazidi kulowa.

Sasa kuna pendekezo la bustani ya mvua: shimo pana, kina sentimita 15 hadi 20, limepandwa majani yanayovumilia maji na kiangazi, linapokea maji ya paa na kuyaacha yazame taratibu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 200 likipata milimita 30, hizo ni lita 6,000. Tangi la lita 5,000 linafurika kwa mvua moja.

Wanaopinga wanataja mbu na mteremko. Bustani iliyochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku moja au mbili, na yai la mbu huhitaji wiki au zaidi mpaka mbu aruke, sembuse kwa baridi yetu. Matairi yaliyolala nyuma ya ofisi hiyohiyo ndiyo ya kuogopa.

Hoja ya mteremko, hiyo naibeba. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifukia nyumba kata ya Itezi, hapa hapa jijini. Udongo wetu mwingi una majivu ya volkano, unakunywa maji haraka. Hiyo ni sifa kwa bustani, lakini juu ya ukingo mkali ni kuongeza uzito na kulegeza ardhi. Kwa hiyo upande wa nyuma mtaro ubaki, tena ufike korongoni badala ya kuishia kwa jirani.

Mbele ni tambarare. Tulichimba shimo la majaribio, tukamwaga ndoo mbili jioni. Asubuhi chini palikuwa na unyevu tu. Fundi anasema gata zinageuzika kuelekea huko. Bustani ikae mita 3 kutoka msingi, na iwe na njia ya kutolea maji yakizidi.

Kilichobaki ni nani atazoa tope na kupalilia kila msimu. Kikao kilijibu: kamati ya mazingira. Mara ya mwisho kuiona kamati hiyo ilikuwa siku ya kupanda miti, na miti yenyewe ililiwa na mbuzi.