Kigoda Kilichosimama Nami

Mke wangu huviita vigoda vyangu "wake wenza". Mtu akipiga simu kuniulizia, hujibiwa, "Baba Salma yuko sebuleni, leo zamu ya bi mdogo." Viko saba. Vitatu vimebebana pale dirishani, kimoja juu ya kingine, miguu imepishana na kuzunguka kama ngazi ya mnara, na hakuna anayevikalia. Ndiyo, vigoda visivyokaliwa. Salma aliwahi kukalia kimoja akila biskuti, nikamnyanyua kama mtu anayetoa mtoto barabarani.

Naishi Helsinki, mtaa wa Kontula, kazi yangu kuendesha basi. Maradhi haya yalinianzia kwenye banda la taka la jengo letu. Nilikuta kigoda kimetupwa juu ya magazeti, nikakichukua nipate cha kukanyagia ninapobadilisha balbu. Sijafika hata kwenye lifti, jirani mmoja, Mfini ambaye kwa miaka minne hajawahi kuniambia hata hujambo, akanisimamisha na kunitolea euro 50 hapo hapo. Nikakataa. Sikujua nakataa nini, ila sisi watu wa Tanga tukiona kitu kinagombewa, tunaking'ang'ania kwanza, maswali baadaye.

Hayo maswali ndiyo yaliyoniponza. Usiku ule sikulala, nilikuwa kwenye simu nasoma. Kumbe kigoda kina baba yake: Alvar Aalto, msanifu majengo wa Kifini, aliyekibuni mwaka 1933, nacho kinaitwa modeli 60. Kikalio cha duara, miguu mitatu, basi. Ujanja wote uko gotini. Mbao yenyewe ni ya koivu, ule mti wa gome jeupe uliojaa nchi hii, na mbao nene ukiipinda tu inavunjika. Aalto akatafuta njia: ncha ya mguu huchanwachanwa kwa msumeno kufuata nyuzi zake, kama bibi anavyochana miyaa ya mkeka, kila mchano ukatiwa ubao mwembamba kama karatasi uliopakwa gundi, halafu mguu ukapindwa kwa joto mpaka ukapiga magoti. Ukitazama ubavuni utaiona ile mistari imelaliana. Na mguu ule haukuchomekwa kwenye fremu yoyote. Umeshikwa chini ya kikalio kwa skrubu tu.

Hizo skrubu ziwekeni akilini.

Wenye maradhi haya wanasema wanakusanya samani za katikati ya karne ya 20. Mwaka 1933 unaingiaje katikati ya karne, usiniulize mimi. Ukoo wa samani hizi unahesabiwa kama koo za kwetu, binamu wa binamu naye ndugu. Baada ya Aalto nikamjua Antti Nurmesniemi, aliyetengeneza kigoda cha sauna, kile chumba cha kujifukiza mvuke, cha hoteli ya Palace hapa Helsinki mwaka 1952, kikalio chake kina umbo la kwato ya farasi. Nikamjua Mjapani Sori Yanagi, ambaye mwaka 1954 alichukua vipande viwili vya plaiwudi iliyopindwa akavifunga mgongo kwa mgongo, kikatoka kigoda kama kipepeo anayetaka kuruka. Nikawajua na wale Eames wa Marekani, waliochonga vigoda vya mti wa wolnati mwaka 1960 kwa ajili ya jengo la Time-Life, New York. Hivyo vya Yanagi na Eames ninavyo pia. Kwenye simu, picha.

Sasa, hapa Helsinki kuna kitu kinaitwa Siivouspäivä, siku ya usafi. Mara mbili kwa mwaka, Mei na Agosti, jiji zima linageuka gulio. Watu wanatandika mali zao bustanini na kando ya njia, vyombo, skii, picha za harusi zilizovunjika. Mwezi Mei huo saa mbili asubuhi nilikuwa tayari niko mtaa wa Kallio, tumbo tupu, nakagua miguu. Nikamwona mzee mmoja na chupa yake ya kahawa, na pembeni yake kigoda cha rangi ya asali, kikalio kimevishwa linoleamu nyeusi, ule utandiko wa kufunika sakafu. Magoti yana mistari. Nikajifanya naangalia sufuria. Nikakigeuza kigoda kama mtu asiye na haja nacho, na chini yake pameandikwa kwa weupe, namba kubwa: 60.

Moyo ulinipiga. Modeli 60, imeandikwa na jina lake! Nyuma yangu kuna kijana wa miwani minene, hawa ndio wenyewe, anakuja. Kabla mzee hajafungua kinywa nikamwambia, "Euro 80!" Mzee akanitazama. Akakitazama kigoda chini. Akanitazama tena. Mfini akinyamaza hajakubali wala hajakataa, anapumzika. Mwishowe akasema, "Joo," akapokea noti zangu nne na kunimiminia kahawa, wema ambao sikuuelewa mpaka nilipofika nyumbani na kukipangusa kwa kitambaa kibichi. Ile 60 ikatoka yote. Ilikuwa chaki. Ilikuwa bei.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni, maana viti vyote vilikuwa vimekaliwa na nguo za kupigwa pasi na vigoda haviruhusiwi.

Hata hivyo kigoda kilikuwa cha kweli, na mtu asinifariji, nakijua. Kasoro yake ilikuwa mguu mmoja unaocheza: skrubu moja haipo, nyingine zimechoka. Nikachukua ile iliyochoka kuliko zote, nikaipima kwa kidole changu cha shahada, nikaenda dukani. Muuzaji akauliza urefu. Kwa kucha ilikuwa imefika hapa, lakini nikafikiri: hii fupi ndiyo iliyolegea, sasa ninunue fupi tena ya nini? Nikasogeza kucha mbele kidogo. Nikachukua nne.

Tatu ziliingia vizuri. Ya nne mizunguko ya mwisho ilikuwa migumu, bisibisi ikawa inalia, mimi nikaongeza nguvu nikisema bismillahi. Kikatoka kisauti kidogo, kru. Nikakitikisa kigoda: imara kama mnazi.

Kesho yake nikaona juu ya linoleamu pana kinundu. Kidogo hivi, kama chunusi inayojiandaa. Ningekuwa fundi ningeelewa palepale, lakini mimi ni mkusanyaji, na mkusanyaji akiona kasoro huiita historia. Nikakipiga picha nikamtumia rafiki yangu mmoja wa Mombasa anayekaa Turku, bingwa wa mambo haya, ana vigoda kumi na moja na talaka moja. Akajibu kwa sauti, dakika nne nzima: hiyo ni patina, ule uzee unaoongeza thamani, hapo mtu alizimia sigara miaka ya hamsini, linoleamu ikavimba. Akasema vigoda vya namna hii vilijaa maktaba ya Viipuri, ile aliyoijenga Aalto ikakamilika 1935, mji ambao leo uko Urusi, na huwezi kujua, huenda changu kilikimbia vita. Nikamwuliza, maktabani walivuta sigara? Akasema, "Bwana wee, miaka hiyo hata daktari alivuta."

Basi kila mgeni akija namwonyesha kinundu. Nawaambia waguse, lakini taratibu.

Wiki hiyohiyo akaja shangazi kutoka Tanga. Nilimshikia mkoba, "Shikamoo shangazi," "Marahaba mwanangu, mbona umekonda, au ndio hii baridi?" Juni ile. Jua linazama karibu na usiku wa manane, yeye kavaa makoti mawili. Siku ya pili akaingia jikoni akauliza mbuzi iko wapi akune nazi. Mke wangu akamwonyesha tui la kopo. Shangazi akalishika lile kopo kama mtu aliyepewa barua ya msiba.

Akatoka sebuleni kunitafuta, akaviona vigoda. Uso ukamng'aa. Akaanza kuvigeuza kimoja kimoja, anatafuta meno ya mbuzi.

"Shangazi, hivi si vya kukalia."

"Si vya kukalia?"

"Ni vya kutazama."

Akanitazama mimi. Nikaona nimweleze sawasawa. Nikamwonyesha magoti, nikamweleza michano na gundi. Nikamwambia miguu mitatu ina siri yake: kigoda cha minne huyumba sakafu ikiwa na kasoro, lakini cha mitatu hata ukikiweka juu ya changarawe kinatulia.

"Hilo nalijua, mafiga hayo," akasema. "Lakini nyumba yako sakafu kama kioo. Changarawe unazo wapi?"

Nikamwonyesha kile cha Nurmesniemi. Akaangalia lile pengo la kwato, akashusha sauti ili mke wangu asisikie: "Hiki cha chooni." Nikafungua simu nikamwonyesha kile cha Eames, nikamtajia na bei, kwa shilingi. "Hiki kinu," akasema. "Kwa bei hiyo na mchi hawakupi?" Akarudi jikoni akiwa ananung'unika: vigoda saba, na mbuzi hata moja!

Idi Kubwa ikatukuta hivyo. Tulialika watu wanane, wakaja kumi na wanne. Nilivaa kanzu ya Oman, zawadi ya mkwe wangu, nyeupe inayoumiza macho. Pilau imeiva, sofa imejaa, viti vimekwisha, watoto wako kwenye mkeka, na hapo ndipo akaingia ustadhi. Mtu mzima, mwenye heshima zake, kasimama katikati ya sebule anatafuta pa kukaa, huku vigoda saba vinamtazama. Mke wangu akanikazia macho. Kabla sijapata neno, shangazi kishakwapua cha linoleamu nyeusi kakisogeza: "Karibu kiti, ustadhi."

Ustadhi akakusanya joho lake, anashuka.

"Hapana!" nikaruka. "Ustadhi, chukua kiti changu. Mimi nitakaa hapa."

Watu wakafurahi. Mzee mmoja akasema vijana wenye adabu kama huyu wamebaki wachache. Mimi najua moyoni kuwa ulikuwa ubahili mtupu, sikutaka uzito wa ustadhi juu ya historia yangu. Nikakaa.

Kitu kikanigusa. Si kuchoma, ni kugusa, kama konda wa daladala anavyokudonoa kwa kidole akitaka nauli. Nikasogea kushoto, kikanifuata. Ustadhi akaanza kisa kirefu cha safari yake ya kwanza Ulaya, kisa kizuri, kila baada ya maneno mawili watu wanaangua kicheko, na mimi mwenyeji siwezi kukaa nimenuna. Nacheka. Nikicheka nanyanyuka kidogo, nikirudi kinanidonoa palepale, nami najizungusha kutafuta nafuu. Sasa ndipo nikaelewa kile kinundu, na ile kru, na ile skrubu ya nne. Jasho likanitoka. Nikajiambia nitavumilia, chakula kikiisha nitainuka polepole.

Mlango ukalia. Wageni wengine. Mke wangu akaita kutoka jikoni, "Baba Salma, fungua!"

Nikasimama. Kigoda nacho kikasimama.

Kule kujizungusha kwangu kulikuwa kumeisokotea kanzu kwenye nyuzi za skrubu mpaka ikashika kama nanga. Nimepiga hatua mbili kuelekea mlangoni, modeli 60 iko nyuma yangu, miguu mitatu imeelekea kwa wageni. Salma akapiga kelele ya furaha: "Baba ana mkia!" Ustadhi akanyamaza katikati ya neno. Nikapeleka mikono nyuma nikidake kisianguke, maana hata katika hali ile akili yangu ilikuwa kwenye linoleamu, na hapo kanzu ikaachia, chraaaa, kutoka kiunoni hadi kwenye upindo. Baraza zima likashuhudia bukta yangu ya Coastal Union, ile ya zamani, ambayo mke wangu aliniambia tangu Mfungo Tisa niitupe.

Kigoda sikukiangusha. Nilikikumbatia. Nikafungua mlango hivyohivyo, mgongo ukutani, nikawaambia wageni Idi Mubarak.

Niliporudi nimejifunga kikoi, nilikuta kimya cha watu wanaojibana. Mke wangu kajifunika uso kwa ushungi, mabega yanatikisika. "Bi mdogo ana wivu," akasema. Ustadhi akaniombea dua fupi, sauti inamtetemeka, sijui kwa huruma au kwa nini.

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa amekiweka kigoda mapajani, kavaa miwani, anapapasa kwa dole gumba ile ncha iliyochomoza kwenye linoleamu. Akaijaribu kwa ukucha. Akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na bei.

"Mama Salma," akaita, "nazi zipo?"