Mimba iliyoharibika, mimba iliyotolewa

Kiswahili hutenga mimba iliyoharibika na mimba iliyotolewa. Mwaka 2019, katika kaunti yetu ya Kilifi, polisi walimkamata msichana wa shule pamoja na tabibu aliyemtibu. Tabibu alishikilia kuwa alimpokea anavuja damu, mimba imeshaharibika. Polisi walisema imetolewa. Machi 2022, katika kesi yao, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi akasema huduma ya kutoa mimba ni haki ya kimsingi chini ya Katiba. Oktoba 2025 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuwa haki hiyo ipo.

Tangu hapo nasikia hoja moja: tupigeni kura ya maoni, yaishe. Ireland walifanya hivyo. Mwaka 1983 asilimia 67 waliingiza kinga ya kijusi katika katiba; mwaka 2018 asilimia 66 wakaiondoa. Katikati yake, mwaka 2012, Savita Halappanavar alifariki hospitalini Galway. Mimba yake ilikuwa tayari inaharibika, akaomba itolewe, akakataliwa kwa sababu moyo wa kijusi ulikuwa ungali unapiga. Kifo hicho kiliwagusa hata waliokuwa wameinyamazia sheria kwa miaka mingi.

Lakini sisi tumeshapiga kura. Tarehe 4 Agosti 2010 zaidi ya theluthi mbili ya Wakenya waliopiga kura waliipitisha Katiba ambayo Kifungu cha 26(4) kinakataza kutoa mimba isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya mwenye ujuzi, pana dharura ya matibabu au uhai ama afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Tuseme kweli: ni wangapi hapa Pwani walipanga foleni kwa ajili ya kifungu hicho? Waislamu wengi walikwenda kuzitetea Mahakama za Kadhi. Makanisa yalipinga kwa sababu ya Kadhi na ya mimba kwa pamoja. Swali la mimba lenyewe, peke yake, hatujaulizwa kamwe, na hapo wanaotaka kura wana haki.

Wanaoipinga nao wana neno zito: aliye tumboni hana kura, na uhai hauamuliwi kwa kuhesabu vichwa. Nalikubali neno hilo. Ila msichana wa Kilifi naye hakuwa ametimiza miaka 18. Yeye pia hakuwa na kura.

Hofu yangu kubwa ni stara. Ni tabia njema, imetulea. Lakini Ireland, kabla ya kura, wanawake walisimama hadharani wakaeleza yaliyowapata, na raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wakakaa miezi wakisikiliza madaktari na mawakili. Hapa mama humsitiri bintiye hata kwa shangazi. Tukipiga kura leo, tutahesabu aibu.

Kubadili sura ya Haki za Binadamu katika Katiba, ambamo kimo Kifungu cha 26, hakuwezekani bila kura ya maoni; Kifungu cha 255 kinasema hivyo. Kanuni ya Adhabu, inayompa anayetoa mimba hadi miaka 14 na mwanamke mwenyewe 7, haihitaji kura hiyo. Bunge laweza kuirekebisha na kuandika wazi ni lini maoni ya mhudumu yanatosha, hata wabunge wanaopinga utoaji mimba wakitaka masharti makali. Mimi ningeanzia hapo, ili tabibu wa Ganze, huku Kilifi, anayepokea msichana anavuja damu usiku wa manane amtibu kwanza, asianze kuwaza korokoroni.