Meneja Anataka Nistarehe

Meneja wetu mpya kaja na amri: kila mfanyakazi awe na maisha mazuri nje ya kazi. Na hayo maisha mazuri yana fomu, na fomu ina mwisho wake, Ijumaa kabla ya sala.

Mimi karani wa hesabu kwenye hoteli moja upande wa Nungwi, na nyumbani kwangu Kikwajuni, Unguja mjini. Alfajiri nishapanda gari ya wafanyakazi, nikirudi Isha imeshasaliwa. Mtu kama huyo unamuuliza, "Baada ya kazi unapenda kufanya nini?" Nikaandika: kulala. Fomu ikarejeshwa na wino mwekundu: "Jitahidi zaidi."

Nijitahidi zaidi kulala?

Wenzangu nao yaliwakuta. Mpemba mmoja wa jikoni kaandika mchezo wa ng'ombe. Kwao dume hufungwa kamba, zumari likalia, vijana wakamchokoza kwa kitambaa, akija juu kila mtu na mnazi wake. Meneja kauliza kama mchezo una bima. Bibi mmoja wa usafi wa vyumba kaandika misiba, khitma na arusi, akaitwa ofisini: "Misiba, kwa wiki mara ngapi?" Astaghfirullah! Bibi wa watu kajibu kwa adabu kuwa inategemea Mungu, na inategemea ruhusa, maana ya mwisho aliyoomba alinyimwa na bwana huyo huyo.

Kama watu wa hapa tunafundishwa kustarehe! Ikhwani Safaa wanapiga taarab tangu 1905, na sijasikia kama kuna mpiga udi aliyeanza kwa kujaza fomu.

Basi nikaandika bao, na hilo kweli nalipenda. Akafurahi, akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp, tutume picha za starehe zetu kila jioni. Nendeni mkampige picha mzee wa barazani katikati ya bao! Tupo kwenye namua, ule mwanzo wa kuingiza kete, bado nina kete mkononi na nyumba yangu, lile shimo kuu la kete, imenona, mimi nainua simu. Mzee kaniuliza, "Hiyo picha unampelekea nani?" Nikisema serikali, msala. Nikisema meneja, kicheko. Kujigeuza hivi, nyumba yangu keshaila, na baraza zima linaapa kuwa kailia haki.

Saa nne usiku simu ikalia tena. Meneja: "Picha nzuri! Halafu ile ripoti ya mauzo vipi?"

Kijana mmoja pale, msomi wa simu, akasema Ufaransa tangu 2017 kuna sheria: kampuni ya watu hamsini na zaidi lazima ikae na wafanyakazi wake wazungumzie haki yao ya kuzima simu za kazi baada ya saa za kazi. Wazee wakanyamaza kidogo. Mmoja akauliza kama Ufaransa wanacheza bao.

Nikafanya ujanja. Nikamwambia meneja picha haionyeshi utamu, aje ajionee mwenyewe. Nilidhani ataona haya kukaa juu ya saruji na suruali yake ile. Akaja. Akapewa kahawa chungu, akaomba ya pili. Akafundishwa kunamua, akafundishwa kutakata, yaani kwenda bila kula, kichwa chepesi kama shetani.

Sasa yuko pale kila usiku. Baraza ndilo lilikuwa pahala pangu pa kumsengenya, na leo kakaa katikati yake, wazee wanamwita "mwanetu", kashata anaanza kupewa yeye. Jana kanifunga mara mbili, akazirudisha kete mashimoni taratibu, akanambia mbele ya watu:

"Sheikh, kesho fika mapema. Ile ripoti bado."

Na wazee, wazee wangu mimi, wakaitikia: "Mpelekee mwenzio ripoti yake, bwana!"