Dawa ya moyo isichaguliwe kwa kasi ya damu

Siku hizi familia nyingi zenye mgonjwa aliyewekewa stenti (kijibomba cha wavu kinachouacha wazi mshipa wa moyo) Mombasa au Nairobi zinarudi Lamu na maneno yale yale: tikagrelo ndiyo dawa yenyewe, inafungua mishipa, klopidogreli ni ya zamani. Zote mbili ni dawa za kuzuia bonge la damu. Nina duka la dawa Langoni na nayasikia mara kwa mara. Wapo wanaoona haya kuomba klopidogreli, wanaishusha sauti kana kwamba wananunua kitu cha mtumba. Msimamo wangu ni kwamba hoja hii ya mkondo wa damu, kwamba tikagrelo huongeza damu inayopita moyoni, japo ina ukweli ndani yake, ndiyo dhaifu kuliko zote za kuchagulia dawa ya moyo. Kwa mtu anayeishi kisiwani ndiyo ya mwisho kabisa.

Tuanze na kazi yenyewe. Utando wa mafuta uliojijenga ndani ya mshipa wa moyo ukipasuka, chembe sahani, zile chembe ndogo zinazogandisha damu, hukimbilia pale, hushikana, na bonge likaziba njia. Aspirini hufunga mlango mmoja wa kushikana huko, na chembe iliyokwisha kufungwa haifunguki tena mpaka ife, yaani siku 7 hadi 10. Utafiti wa ISIS-2 uliochapishwa 1988, wenye wagonjwa 17,187, ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki tano za kwanza. Dawa hiyo hiyo ambayo watu hawaipi thamani kwa kuwa ni rahisi! Klopidogreli, prasugreli na tikagrelo hushika mlango mwingine, kipokezi kinachoitwa P2Y12, ndiyo maana mgonjwa hupewa aspirini pamoja na mojawapo ya hizi tatu.

Tofauti zao ni za kweli, sizikatai. Klopidogreli ikimezwa haifanyi kitu mpaka ini liigeuze, na wako watu waliozaliwa na kimeng'enya kisichoifanya kazi hiyo vizuri. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2010. Tikagrelo haingoji ini, inaanza upesi. Katika utafiti wa PLATO wa 2009, wenye wagonjwa 18,624, waliokufa kwa moyo na mishipa, waliopata shambulio la moyo au kiharusi kwa mwaka mmoja walikuwa asilimia 9.8 kwa tikagrelo na 11.7 kwa klopidogreli. Hiyo ni hoja nzito. Daktari akikwambia umetoka kwenye shambulio la moyo, stenti ni mpya, hujawahi kuvuja damu na mfuko wako unaruhusu, basi tumia tikagrelo. Nami nitakuuzia bila neno.

Ila hiyo ni hoja ya vifo na mashambulio. Mkondo ni habari nyingine.

Msuli wa moyo ukikosa oksijeni hutoa adenosini, na adenosini hutanua vile vimishipa vidogo ili damu ipite zaidi. Haidumu, seli nyekundu huinyonya baada ya sekunde chache. Tikagrelo huziba njia ambayo adenosini huingilia ndani ya seli, ikabaki nje muda mrefu zaidi. Mwaka 2013 watafiti waliwapa wanaume wazima wa afya tikagrelo, wakawatia adenosini kwa mshipa, wakaona damu ya moyo inaenda kasi zaidi kuliko bila dawa. Mwaka huo huo wengine walilinganisha tikagrelo na prasugreli kwa wagonjwa na kuona jambo linalofanana na hilo. Hapo ndipo "inafungua mishipa" ilipozaliwa. Lakini angalia: adenosini ilitiwa na madaktari, na kilichopimwa ni kasi ya damu wakati ule ule. Bonge halikuyeyuka, wala mshipa uliosinyaa haukupanuka.

Na tumeshawahi kupita njia hii. Dipiridamoli nayo huzuia adenosini isinyonywe, na ilipoingia sokoni ilitolewa kama dawa ya maumivu ya kifua kwa sababu iliongeza damu moyoni. Haikuwafaa wagonjwa. Vimishipa vizima vilitanuka, lakini vile vilivyo nyuma ya mshipa ulioziba vilikuwa vimekwisha kutanuka kadiri viwezavyo, kwa hiyo damu ya ziada ilikwenda kwenye vile vyenye afya, na vyenye shida vikapungukiwa. Ni kama nyumba zetu za ghorofa: wa chini wakifungua mifereji yote, wa juu hapati tone. Leo dipiridamoli inatumika kwenye vipimo vya moyo kwa sababu hiyo hiyo, ili kuonyesha sehemu inayokosa damu. Sisemi tikagrelo inafanya madhara hayo kwa dozi ya kawaida. Nasema damu nyingi moyoni, peke yake, haijawahi kuwa cheti cha kupona.

Kisha wakaja waliopima kwa utulivu zaidi. Utafiti wa REDUCE-MVI ulichukua wagonjwa 110 waliotoka kwenye shambulio kubwa la moyo, wakapewa tikagrelo au prasugreli, na baada ya mwezi mmoja ukinzani wa vimishipa vidogo, yaani jinsi vinavyoizuia damu kupita, ulikuwa sawa pande zote mbili. Ule wa ISAR-REACT 5 wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 4,018, ndio ulionishawishi zaidi. Prasugreli haina habari na adenosini kabisa, lakini waliokufa au kupata shambulio au kiharusi kwa mwaka walikuwa asilimia 6.9 upande wake na 9.3 upande wa tikagrelo. Kama mkondo ungekuwa ndio siri, matokeo yangegeuka. (Prasugreli nayo ina masharti: aliyewahi kupata kiharusi haipewi kabisa, na wazee waliopita miaka 75 au walio chini ya kilo 60 huhitaji tahadhari kubwa.)

Adenosini ina upande mwingine ambao wauza sifa hawautaji. Katika PLATO, asilimia 13.8 ya waliotumia tikagrelo walilalamika kukosa pumzi, dhidi ya 7.8 wa klopidogreli, na wataalamu wengi wanaihusisha hali hiyo na adenosini. Mara nyingi haina hatari na huisha yenyewe. Lakini mwelezee hilo mzee wa Matondoni saa tisa usiku, anayejua tu kwamba moyo wake uliwahi kusimama kidogo na sasa pumzi haimtoshi. Watoto wanatafuta boti, majirani wameamka, na asubuhi mzee ameamua mwenyewe kuiacha dawa. Hapo ndipo stenti huziba. Akiambiwa mapema, hushtuka kidogo na kuendelea.

Kuacha, basi, ndiyo mada yangu hasa. Toka Lamu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 za barabara, na kabla ya hapo uvuke kwenda Mokowe. Mgonjwa wa huku akishikwa na shambulio la moyo, matumaini ya mwanzo ni sindano ya kuyeyusha bonge, si chumba cha stenti. Dawa yenye ushahidi mkubwa wa mapema kwa mgonjwa wa namna hiyo ni klopidogreli: utafiti wa COMMIT wa China, 2005, ulikuwa na wagonjwa 45,852 waliopewa aspirini, na walioongezewa klopidogreli walikufa au kushikwa tena kwa uchache zaidi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa za msingi mwaka 2015. Ni kidonge kimoja kwa siku, na bei yake ni nafuu. Tikagrelo ni vidonge viwili kwa siku na ni ghali zaidi, na nguvu yake hushuka upesi: aliyeiacha siku tatu yuko karibu sawa na aliyeacha klopidogreli siku tano. Kuna ami mmoja ninayemhudumia ambaye hununua strip moja moja, akingoja pesa za samaki. Kwake yeye sina shaka hata kidogo ni ipi niombee daktari amwandikie.

Yapo pia mambo ya dukani yenye uzito kuliko mjadala wote huu. Omeprazole hupunguza kazi ya ini ya kuigeuza klopidogreli. Anayehitaji dawa ya tumbo aombe pantoprazole. Ibuprofen, ile dawa ya maumivu, ikimezwa kabla ya aspirini huikalia mahali pake. Na mirungu hubana mishipa ya moyo, jambo ambalo halisemwi barazani kwa sababu wanaopaswa kulisema nao wanatafuna.

Jingine ni Ramadhani. Kwanza mgonjwa amuulize daktari kama afunge, maana aliyetoka juzi tu kwenye shambulio mara nyingi huambiwa asifunge. Akiruhusiwa, klopidogreli haina taabu, anaimeza baada ya futari. Tikagrelo hutakiwa kila baada ya saa 12, na huku kwetu kati ya futari na daku ni kama saa 10, kisha mchana wa karibu saa 14 bila kidonge. Wengine hubadilishiwa dawa kwa mwezi huo, lakini kubadilisha kuna dozi yake na saa yake, kazi ya daktari, si ya muuza dawa wala ya jirani aliyebaki na vidonge. Njooni Shaaban ikiwa bado changa, tupate nafasi ya kumpigia simu daktari aliyeweka stenti.