Lugha ya chipu ikakae kwa nani?

Juma lililopita kijana ninayemfundisha elektroniki hapa Langoni, Lamu, aliniletea laptopu yake huku amenuna. Alikuwa ameandika kaunta ya kuhesabu kutoka 0 hadi 9, mistari kumi na kitu tu, na programu ya kuigiza saketi ikaukataa mstari wa tatu. Nikautazama. Kosa lilikuwa neno moja: logic. Faili lake liliishia na .v, alama ya Verilog ya zamani, lugha ya kuandikia saketi, na Verilog ya zamani hailijui neno hilo. Tukabadilisha mwisho wa jina la faili ukawa .sv, alama ya SystemVerilog, upanuzi wa Verilog. Ndani hatukugusa herufi hata moja, na kaunta ikahesabu.

"Sasa mwalimu, hili nani kaliamua?"

Swali lake ndilo linalowasumbua hata wanaobuni lugha mpya za kueleza maunzi, yaani zile ambazo mhandisi huandikia tabia ya saketi kabla haijachorwa kwenye silikoni. Lugha ikishapata watumiaji, sharti itafutiwe mlezi. Yupo IEEE, jumuiya ya wahandisi yenye makao Marekani. Ipo Accellera, umoja wa makampuni ya chipu na ya programu za kusanifu chipu. Na siku hizi kuna wakfu za programu huria, ambako msimbo wenyewe ndio sheria.

Verilog ilizaliwa katikati ya miaka ya 1980 katika kampuni ya Gateway, kisha Cadence ikainunua kampuni hiyo. Lugha ikawa mali ya mwenye duka. Wakati huohuo VHDL, lugha nyingine ya aina hiyo, iliyoagizwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilikuwa imeshapewa namba ya kiwango, 1076, na IEEE tangu 1987, na kila muuza programu aliruhusiwa kuitumia. Cadence ikaona itaachwa na upepo. Mwaka 1990 ikaifungua Verilog, kikaundwa chama cha kuitunza kiitwacho OVI, na mwaka 1995 IEEE ikaipa namba 1364. OVI na chama cha wenzao wa VHDL waliungana mwaka 2000, wakawa Accellera.

Kisiki alichojikwaa kijana wangu kilipandwa baada ya hapo. Verilog ilikuwa kwa IEEE, lakini upanuzi wake, SystemVerilog, ulitolewa na Accellera: toleo la 3.0 mwaka 2002, la 3.1a mwaka 2004. IEEE ikaupokea kwa namba 1800 mwaka 2005, huku 1364 nayo ikiendelea kando na toleo lake la 2005. Mtoto mmoja, vitanda viwili. Vitabu vya viwango hivyo viwili viliunganishwa mwaka 2009, ila faili za .v bado zimejaa kila mahali.

Wanaoutetea umoja wa makampuni hutaja kasi, na hapo wana haki. Wanaokaa mezani ndio watakaoziandika programu, kwa hiyo hawapitishi jambo wasiloweza kulitekeleza. Kutoka 3.0 hadi 3.1a ni miaka miwili. VHDL ilikaa kutoka toleo la 2008 hadi la 2019, miaka kumi na mmoja, na wengi wa waliolisukuma toleo hilo ni watu waliojitolea muda wao.

Kasi hiyo ina bei yake. Sisi wa Lamu hatuhitaji kuelezwa kamati inavyoifanya lugha. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kiamu, lahaja yetu, chenye tenzi zake za tangu zamani, kikabaki barazani. Hadi leo mtoto wa hapa akiandika "mato" kwa macho, au "ndia" kwa njia, anachorewa wino mwekundu. Nyanya yake hakukosea, ila hakuwa na mtu mezani. (Nami nakiri: bila kamati ile, kitabu cha hesabu cha Lamu kisingesomeka Kigoma. Uchungu wangu una mipaka.)

Kwa hiyo naangalia kwanza nani anapiga kura. Watu hudhani IEEE maana yake ni mlango wazi, lakini ndani ya IEEE yenyewe kuna milango miwili. Kamati ya 1800, ya SystemVerilog, ni ya makampuni, kila kampuni kura moja. Hilo linazuia jitu lenye wahandisi elfu kuwameza wadogo, lakini mwalimu asiye na kampuni hana sauti. Kikosi cha 1076, cha VHDL, kilichoandaa toleo la 2019 kilikuwa cha watu binafsi. Nembo moja, serikali mbili.

Jambo la pili ni hati. Ukiikabidhi IEEE rasimu yako, hakimiliki ya kiwango kinachochapishwa ni yake, na kukiendeleza kwingine kunataka ruhusa. Kuna pia suala la nchi: Mei 2019 IEEE iliwazuia wafanyakazi wa Huawei, kampuni ya China, kuhakiki makala kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, ikaliondoa katazo mwezi uliofuata. Shirika la RISC-V, linalotunza kanuni huria za kuundia vichakato, liliona mawingu likahamia Uswisi mwaka 2020.

Je, wakfu? Chisel, lugha nyingine ya chipu iliyotoka chuo kikuu cha Berkeley, imefika mbali bila namba ya mtu yeyote. Lakini msimbo ukiwa ndio sheria, hitilafu yake nayo ni sheria mpaka arekebishe mwenyewe. Kwenye tovuti utavumilia. Chipu ikishatoka kiwandani haina kiraka. Hapo ndipo maandishi makavu ya IEEE, pamoja na kura yake inayotaka asilimia 75 ya ndiyo, yanapolipa.

Ningekuwa na lugha changa, ningeilea kwanza katika umoja mdogo wa wanaoijenga, na hati ibaki mikononi mwetu. Siku programu mbili za watu wasiojuana zitakapotoa jibu moja kwa msimbo mmoja, ndipo ningeipeleka IEEE, yote kwa pamoja, nisiache mguu mmoja nyumbani.

Kijana alitaka kitabu chenyewe cha SystemVerilog. 1800 hupakuliwa bure kwa kuwa Accellera imelipia, kurasa zaidi ya 1,300, na bando lake likaishia katikati. Akauliza kama naye anaweza kuingia kwenye kamati. Nikamwambia ya 1076 ajaribu bahati yake. Hiyo anayoipakua, atafute kampuni kwanza.