Oracle of Ages: kisa cha Ralph hakisimuliwi vya kutosha

Mashabiki wa Zelda, mfululizo wa michezo ya video ya Nintendo, wakikutana kuongelea Oracle of Ages, mchezo wa Game Boy Color (mashine ya Nintendo ya kushika mkononi) uliotoka mwaka 2001, hawachelewi kufika kwenye kile kisa cha mchezo wa tatu ambao haukuzaliwa. Studio ya Flagship, iliyokuwa chini ya Capcom, ilipanga michezo mitatu inayopeana habari kwa nywila. Kuoanisha nywila za mitatu kukawashinda, wakabaki na miwili: Ages na pacha wake Seasons. Kisa kizuri, sikatai. Na ndiyo, mwongozaji wake, Hidemaro Fujibayashi, ndiye aliyekuja kuongoza Breath of the Wild, Zelda nyingine ya baadaye.

Mimi lakini namtaka Ralph.

Kama hujaucheza, nakuharibia utamu sasa hivi. Umepewa miaka zaidi ya 20. Mchawi Veran anampanda Nayru, mlinzi wa wakati, kama pepo, kisha anakimbilia zamani, enzi za Malkia Ambi. Huko anausimamisha wakati ili jua lisizame, na wajenzi wa mnara wa malkia wanapiga kazi bila kujua siku imeisha. (Bosi wa kuzimu kabisa.) Baadaye anamtoka Nayru na kumwingia malkia mwenyewe. Hapo ndipo Ralph, rafiki wa Nayru, anapochomoa upanga. Kumbe yeye ni wa ukoo wa Ambi. Akimuua bibi yake huyo wa kale, yeye mwenyewe hatakuwa amezaliwa. Analijua hilo, na bado anakwenda.

Anashindwa, sawa. Lakini hebu fikiria: katriji ndogo, skrini ya kiganja, maandishi mistari miwili miwili, na humo kuna kijana anayekubali kufutika pamoja na maisha yake yote. Michezo mingi ya kusafiri katika wakati inafanya zamani kuwa stoo ya funguo: unarudi, unachukua kitu, unafungulia mlango wa leo. Ages nayo ina mafumbo ya aina hiyo, tena mengi, na kinubi chake, ambacho ukikipiga kinakuvusha kati ya zamani na leo, kinachosha mpaka ujifunze wimbo wa tatu unaokuwezesha kwenda na kurudi utakako. Ila zamani yake ina watu. Mti wa Maku, mti unaozungumza, ukiuokoa ungali mche, unakupenda papo hapo na kutaka ndoa. Ukirudi leo umeshakuwa jitu, na haujasahau.

Ndiyo maana ubishi wa Ages na Seasons kwangu ulikwisha zamani. Seasons ina mapigano matamu zaidi, na kubadili kiangazi kuwa theluji ni raha. Lakini hakuna anayedaiwa chochote na majira.

Kuhusu ule mnara, watu huupita haraka kwa sababu mwishoni unageuka ngome ya Veran. Ambi hakuuanza kwa ubaya. Mpenzi wake alikwenda baharini asirudi, naye akataka jengo refu ambalo mtu aliye mbali majini angeliona, ajue njia ya nyumbani. Mchezo unadokeza mpenzi huyo ni nani: nahodha wa maharamia fulani waliobaki mifupa, ambaye bado yuko melini.